Kabla ya kumwongezea mama insulini, tazama saa

Barua za safari hii ni tatu, na zote zinauliza jambo moja: dozi ya insulini ya muda mrefu inajulikanaje kuwa imefika? Ya kwanza imechukua sehemu kubwa ya ukurasa. Nimeiacha ichukue, kwa sababu kosa lililomo ndani yake mimi mwenyewe niliwahi kulifanya.

*

Shikamoo Sista. Mimi ni binti wa miaka 34, naishi na mama yangu huku Muheza. Mama ana miaka 63, kilo 58, na kisukari chake kina miaka kumi na moja. Mwezi wa tatu alianzishiwa insulini ile nyeupe kama maziwa, yuniti 10 mara moja kwa siku, na vidonge vyake anaendelea navyo. Kila tukienda kliniki sukari ya asubuhi ni 11, mara 12, mara 13, basi wanamwongeza. Sasa amefika 22. Mimi ndiye ninayemchoma, saa kumi kamili kama kadi inavyosema, sijakosa hata siku moja. Wiki mbili hizi anaamka kama saa sita usiku, khanga imelowa jasho, anatetemeka, anaongea maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Nampa chai ya sukari na mkate, anatulia. Asubuhi nampima, 12.4. Tumeambiwa safari ijayo tupande hadi 26. Naogopa kuongeza na naogopa kutoongeza. Dozi yake sahihi ni ngapi?

Marahaba mwanangu, na pole sana na kazi ya usiku.

Wasomaji wajue kwamba barua hii haikungoja gazeti lichapwe. Mzee anayelowa jasho na kupayuka usiku, sukari yake imeshuka, na hali hiyo inaua. Nilipiga namba uliyoiacha siku ileile. Swali langu la kwanza halikuhusu yuniti. Nilikuuliza: saa kumi ipi? Ukanijibu bila kusita, “Jioni, Sista, tukishaswali Alasiri.” Nikakuomba unitumie picha ya kadi. Ikaja. Kalamu ya bluu, mwandiko wa haraka: NPH 10 IU, 10pm. NPH ndiyo hiyo insulini nyeupe, IU ni yuniti.

Hiyo si saa kumi, mwanangu. Hiyo ni saa nne usiku. Aliyeandika alihesabu saa kwa Kiingereza, wewe ukazisoma kwa Kiswahili, na baina yenu mama amekuwa akichomwa saa sita kabla ya wakati wake, kila siku, tangu mwezi wa tatu. Hukumkosea mama yako. Ulifuata kadi kwa uaminifu kuliko watu wengi ninaowajua.

Nasema hivi kwa sababu mwaka wa pili wa kazi yangu niliandika maneno hayohayo kwenye kadi ya mzee mmoja aliyekuwa mkata mkonge. Usiku wa tano wanawe walimleta kwenye baiskeli, mmoja anaendesha, mwingine amemshika kwa nyuma, miguu ya mzee inaburura chini. Sukari ilisoma 1.6. Tulimwekea glukosi ya mshipa, akafumbua macho, akauliza kofia yake iko wapi. Asubuhi nikaichukua kadi nikaona mwandiko ni wangu. Tangu siku ile sijaandika saa kwa tarakimu tupu. Naandika “saa nne usiku, ukienda kulala”, na pembeni nachora mwezi mwandamo, kwa yule asiyejua kusoma. Ya asubuhi nachora jua.

Sasa tuitazame dawa yenyewe. Insulini hii nyeupe si ya kutwa nzima hasa. Ni ya muda wa kati. Ikishaingia chini ya ngozi huanza kufanya kazi baada ya saa moja au mbili, hupata nguvu zake zote kati ya saa ya nne na ya nane, wakati mwingine hata ya kumi, halafu hufifia. Ifikapo saa ya kumi na mbili kwa wengi imebaki kidogo. Hesabu mwenyewe kutoka saa kumi jioni. Nguvu zinapanda saa mbili usiku, wakati mama anakula chakula cha jioni, kwa hiyo hapo hapana shida. Zinaendelea hadi saa sita, chakula kimeshasagika, mama amelala, hana akiba. Hapo ndipo khanga inapolowa. Kisha saa kumi alfajiri dawa inakwisha, na huo ndio wakati mwili unapotoa homoni za kumwamsha mtu na ini linapomimina sukari kwenye damu. Hakuna wa kulizuia. Ongeza chai ya sukari na mkate wa saa sita. Asubuhi mashine inasoma 12.4, na mtu wa kliniki, ambaye hakuuona usiku, anaona dozi ndogo. Kila akiongeza, anauzidisha mshuko wa saa sita, na asubuhi haishuki ng’o.

Zamani tulifundishwa kwamba sukari ikishuka sana usiku, mwili wenyewe huirudisha juu kupita kiasi asubuhi. Watafiti waliokuja kupima watu usiku kucha hawakuliona hilo kuwa la kawaida kama tulivyodhani. Mara nyingi jibu ni jepesi zaidi: dawa imeisha, na kuna kitu kililiwa. Kwa mama yako yote mawili yapo wazi.

Daktari wenu nilimpigia pia, na nampongeza, alisikiliza. Tulikubaliana mambo matatu. Dozi ishuke kutoka 22 hadi 18, kwa sababu mtu aliyeshukiwa na sukari bila sababu nyingine hupunguziwa kati ya sehemu kumi na ishirini kwa mia. Sindano ihamie saa nne usiku. Na glibenklamidi ya jioni isimame, maana kile kidonge nacho kinaikamua kongosho itoe insulini, na kwa mzee aliye kwenye insulini tayari ni kama watu wawili kusukuma mlango mmoja. Metformini, kidonge chake kingine, ibaki. Daktari aliagiza pia kipimo cha figo. Figo zikichoka insulini hukaa mwilini muda mrefu kuliko inavyotegemewa, na dozi iliyomfaa mtu mwaka jana inaweza kumlaza mwaka huu. Majibu ya mama yalikuwa mazuri, alhamdulillahi.

Wewe nilikupa kazi moja: usiku wa kwanza na wa pili uamke saa tisa umpime. Najua vipimio ni ghali na vinahesabiwa kimoja kimoja. Lakini kipimio cha saa tisa usiku kina thamani ya vile kumi vya mchana, kwa sababu insulini iliyochomwa saa nne inakuwa na nguvu kuanzia saa nane hadi kumi na mbili. Kama itamwangusha, itamwangusha hapo.

Uliniletea matokeo kwa simu. Usiku wa kwanza, saa tisa, 7.9; asubuhi 9.1. Usiku wa pili 7.2, asubuhi 8.6. Asubuhi ya tatu 8.8. Hakuna jasho, hakuna kupayuka. Ndipo tukaongeza yuniti mbili, mbili tu, ikawa 20. Asubuhi tatu zilizofuata: 7.6, 7.0, 6.9. Tukaishia hapo.

Kwa hiyo uliniuliza dozi sahihi ni ngapi. Ni 20. Ni pungufu kuliko ile 22 iliyokuwa “haitoshi”.

Sasa naandika na kwa wengine, maana wengi hudhani dozi ya insulini ya muda mrefu iko kwenye kitabu, daktari anaifungua na kuisoma. Kilichoko kwenye kitabu ni pa kuanzia. Mtu mzima mwenye kisukari aina ya pili huanza na yuniti 10, au yuniti 0.1 hadi 0.2 kwa kila kilo ya mwili wake. Mama wa kilo 58 angeanza kati ya 6 na 12, kwa hiyo 10 yake ya kwanza ilikuwa halali. Kutoka hapo mnatembea: mnatazama sukari ya asubuhi kabla ya chai siku tatu mfululizo, ikiwa juu na usiku haikushuka, mnaongeza mbili, mnangoja tatu nyingine. Dawa inataka siku hizo ionyeshe sura yake, na mwenye pupa huongeza juu ya dozi ambayo hata haijasema kitu. Kwa watu wengi tunataka asubuhi isome kati ya 4.4 na 7.2. Kwa mzee mwenye maradhi mengine, au anayelala peke yake, mimi natosheka na 5 hadi 8, na nikiona 8.3 sigombi. Nywele nyeupe zikianguka usiku huvunja nyonga.

Aina ya kwanza, wale wanaoanza mara nyingi utotoni, mambo yao ni tofauti. Wanahitaji insulini ya chakula pia, na ile ya muda mrefu huwa kama nusu ya jumla ya siku. Wasijipangie kwa barua hii.

Kabla hamjaongeza hata hizo mbili, kuna mambo ya kutazama kwa macho na vidole. Ya saa tumeshayasema. Linalofuata ni bomba la sindano. Mwanangu, nilikuuliza “22 ni mistari au yuniti?” ukacheka, lakini ninayo sababu. Bomba la mililita moja lina yuniti 100, na kila mstari mdogo ni yuniti mbili. Bomba dogo la nusu mililita, kila mstari ni yuniti moja. Nimeona mama akipewa mistari kumi na wajukuu wanaojua kuhesabu vizuri kabisa, kumbe ni yuniti 20. Kuna tena mabomba yaliyoandikwa U-40, yanayotoka kwenye maduka yasiyoeleweka. Namba hiyo ni yuniti zilizomo kwenye mililita moja, na insulini yetu ni U-100. Ukivuta “10” kwenye bomba la U-40, umechoma 25. Lisome pipa la bomba kabla ya kulipa.

Kisha kichupa. Shika kichupa cha NPH ambacho kimesimama tangu jana, kiinue kwenye mwanga wa dirisha. Utaona juu maji yaliyo karibu safi, na chini tabaka jeupe limetulia kama unga ulioachwa kwenye bakuli la maji. Dawa iko kwenye lile jeupe. Herufi ya mwisho ya NPH ni ya Hagedorn, Hans Christian Hagedorn wa Denmark, ambaye mwaka 1936 yeye na wenzake walitangaza kwamba insulini ikishikizwa kwenye protamini, protini iliyotolewa kwa samaki dume, haikimbilii kwenye damu. Inaachia kidogo kidogo. Mwaka 1946 wakapata hii tunayoitumia mpaka leo. Chembe hizo ndizo ule weupe, na ndizo zinazozama. Usipokichanganya, wiki ya kwanza unachoma maji na wiki ya mwisho unachoma mzigo wote, kisha unajiuliza kwa nini sukari inacheza. Kiweke katikati ya viganja, kibingirishe taratibu mara ishirini, kipindue juu chini mara kadhaa, mpaka kiwe cheupe kimoja. Usikitikise kama chupa ya juisi, kinatoa povu na povu linakula yuniti. Ukiona mabonge au chenga zimegandia ukutani hata baada ya kubingirisha, kitupe.

Uliniambia hamna jokofu, mnaweka kwenye mtungi. Vizuri sana. Mtungi wa udongo wenye maji kidogo, kichupa ndani ya mfuko mkavu, uvulini, penye upepo. Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva waliifuatilia hali ya joto ndani ya nyumba kwenye kambi ya wakimbizi ya Dagahaley kule Dadaab, Kenya, joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, wakaijaribu insulini katika joto hilohilo kwa wiki nne, nayo haikupoteza nguvu zake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Kwa hiyo kichupa mnachokitumia kikae kwenye mtungi wiki nne bila hofu, halafu andika tarehe uliyokifungua kwa kalamu juu ya plasta. Vile visivyofunguliwa viacheni kituoni kama wanakubali kuwatunzia. Barafu ni adui mkubwa kuliko joto. Insulini iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka.

Sukari ikishuka chini ya 4 tena, usihangaike na mkate kwanza, unachelewa. Vijiko vya chai vitatu hadi vinne vya sukari kwenye nusu glasi ya maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Ngoja dakika 15, mpime tena. Bado iko chini? Rudia. Ikishapanda ndipo umpe mkate au ndizi. Akiwa hajitambui usimtie chochote mdomoni, mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali.

Umeuliza kwenye simu kama mama angefaa zaidi insulini ya kisasa, ile ya maji safi isiyo na kilele. Glargini na wenzake Shirika la Afya Duniani liliziingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021, na ni kweli usiku zinaangusha watu wachache zaidi. Kama kituo chenu kitakuwa nazo kwa bei mnayoiweza, kubalini. Kwa sasa mama yuko kwenye 6.9 na analala mpaka adhana. Sioni sababu ya kuuza mbuzi.

*

Salamu Sista. Mimi ni dereva wa lori, Mombasa hadi Malaba, miaka 48, kilo 80. Natumia peni ya glargini. Niliambiwa niongeze mbili mbili mpaka sukari ishuke. Nimefika 56. Asubuhi napata 5.2, siku nyingine 4.5, na mara mbili 3.6 nikiwa nimelala kwenye lori. Lakini saa nne usiku nikipima ni 13 na nusu, hata 14. Je, niendelee hadi 60?

Ndugu yangu, hapana. Simama hapo ulipo, na leo hii umpigie daktari wako kabla hujashika usukani.

Maneno “mpaka sukari ishuke” yamekuponza kwa sababu hukuambiwa sukari ipi. Insulini ya muda mrefu ina kazi moja: kulizuia ini lisimwage sukari wakati huli, usiku na baina ya milo. Inapimwa kwa asubuhi. Asubuhi yako ilishafika, pengine tangu yuniti 40 na kitu. Hiyo 13 na nusu ya usiku inatoka kwenye sahani. Umekuwa ukiitumia dawa ya usiku kulipa deni la chapati za mchana, nayo inalilipa wewe ukiwa umelala, kwa kukuangusha.

Tazama alama zako. Yuniti 56 kwa kilo 80 ni 0.7 kwa kilo. Tukipita 0.5 huwa tunasimama na kujiuliza. Halafu chukua sukari ya kulala, toa ya kuamka: 13.5 kutoa 5.2 ni 8.3. Tofauti ikizidi 2.8 hivi, inatuonya kwamba insulini ya muda mrefu imebebeshwa kazi isiyo yake. Na hizo 3.6 mbili ndizo zinazoninyima usingizi mimi. Mshuko wa sukari kwenye kona ya Mariakani ukiwa na kontena nyuma si wako peke yako. Pima kabla ya kuwasha injini. Chini ya 5, kula kwanza, ngoja, pima tena. Soda ya kawaida ikae mlangoni, usiiweke nyuma ya kiti.

Mpelekee daktari karatasi ya wiki moja, safu mbili, kulala na kuamka. Usimweleze kwa maneno, mwonyeshe. Nadhani atapunguza sehemu kumi hadi ishirini kwa mia, yaani uje kwenye 45 hadi 50, kisha azungumze nawe juu ya dawa ya kushughulikia chakula, iwe vidonge vingine au insulini fupi kwenye mlo mkubwa. Uwe tayari kumwambia ukweli wa unachokula njiani. Chai ya maziwa yenye vijiko vinne Voi, mahamri Mtito Andei, viazi karai, soda. Hakuna dozi ya usiku inayoweza kuyafuta hayo.

Na kabla ya kwenda, fanya jambo moja. Vua shati, lala chali, pitisha ncha za vidole taratibu kuzunguka kitovu. Umeandika unachoma upande wa kushoto siku zote kwa sababu mkono wa kulia ndio mwepesi. Ukigusa mahali paliponona, laini na pagumu kidogo kwa pamoja kama unga uliokandwa ukaumuka, pasipouma ukipachoma, basi hapo ndipo yuniti zako zimekuwa zikikwama. Insulini ikiingia kwenye donge hilo leo inatoka, kesho haitoki. Mwambie daktari kabla hujahama, maana ukihamia ngozi nzima na dozi yako ileile ya 56, yote itafanya kazi kwa mara moja, nawe utashuka vibaya. Punguza kwanza, halafu hama. Kisha zunguka: tumbo kulia, tumbo kushoto, paja, paja, kila sindano vidole viwili mbali na ya jana, na sindano mpya ya peni.

Peni unayoitumia usiiache juu ya dashibodi. Haihitaji jokofu ikishafunguliwa, siku 28 chini ya nyuzi 30, lakini kioo cha lori mchana wa Mackinnon Road kinachemsha.

*

Asalaam alaikum Sista. Nina miaka 41, niko Unguja, kisukari aina ya pili, metformini na glargini yuniti 20 saa tatu usiku. Sijawahi kuanguka. Nataka kufunga mwaka huu. Nichome ngapi?

Waalaikum salaam mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza mapema. Wiki sita hadi nane kabla ya mwezi ndio wakati wa kwenda kliniki, siyo usiku wa kuandama.

Kwa mtu wa hali yako, mwongozo tunaoutumia unasema sindano ihamie wakati wa futari na ipungue sehemu 15 hadi 30 kwa mia. Kwako ni kati ya 14 na 17. Mimi ningemwomba daktari aanzie 16, halafu siku tatu za mwanzo upime mara kwa mara: kabla ya daku, saa nne asubuhi, saa tisa alasiri, na kabla ya kufuturu. Ile ya saa tisa usiikose, hapo ndipo tumbo limekaa tupu muda mrefu. Wengi huogopa kwamba kutoboa kidole kunafunguza. Wanachuoni wengi wameshaeleza kwamba hakufunguzi, muulize na imamu wa msikiti wako utulie.

Ikisoma chini ya 3.9, fungua papo hapo, hata kama imebaki robo saa jua litue. Ikipita 16.7, fungua pia, kunywa maji, nenda hospitali. Anayefungua kwa ajili ya maradhi ana siku nyingine za kulipa, na kama hawezi ana fidia, nawe unayajua haya kuliko mimi.

Daku usiiruke, na ichelewe iwezekanavyo. Futari za kwetu najua: muhogo wa nazi, tambi za sukari, kaimati zinazochuruzika shira. Tende mbili na maji, uji usio na sukari, samaki, kisha muhogo kiasi cha ngumi yako. Kaimati kwa wageni.

Na mfungo ukiisha dozi haijirudishi yenyewe. Kila mwaka napokea watu wiki ya pili baada ya Idi, sukari 15, bado wako kwenye yuniti za Ramadhani huku wameshaanza kula mchana. Andika kwenye kadi tangu sasa, na umwombe daktari akuwekee saini: asubuhi ya Idi, siku ya kwanza ya Mfungo Mosi, pima kabla ya chai, usiku ule rudi saa tatu na yuniti zako 20, na saa tisa usiku weka kengele ya simu upime mara moja.